Lugha ya Kuombea Radhi

Kimandolu, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Magdalena,

Shikamoo. Nianze kwa kukuomba unisamehe kwa kunyamaza muda mrefu hivi. Barua zako mbili zilinifikia, ya kwanza kabla ya Pasaka, ya pili wakati watu wa huku wakivuna mahindi, na sikujibu hata moja. Sina kisingizio cha ugonjwa. Mkono ulikuwa mzima na karatasi ilikuwapo. Nilinyamaza kwa sababu uliniuliza kwa nini, siku tulipomzika mama, nilisimama kaburini nikasoma maisha yake kwa Kiswahili, ilhali Kiswahili hakikuwahi kumkaa mama kinywani, na bibi wale aliolima nao miaka yote walibaki wakinitazama midomo. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba mtu aliyeishia darasa la nne hawezi kunifundisha mimi namna ya kusoma wasifu wa marehemu. Nakuandikia kama nilivyofikiri, kwa kuwa leo nina neno zito la kukuomba, na sipendi kuliomba huku nimekuficha jambo.

U hali gani? Magoti bado yanakufikisha shambani, au sasa unaishia uani? Na shemeji Hoza, je, kikohozi kimemwacha? Rebeka mjukuu wako, ambaye najua ndiye anayekusomea haya, asome polepole na asiruke mahali hata pakiwa pa aibu. Huku kwetu tunaendelea. Sukari ya mke wangu imetulia tangu alipoacha kutia vijiko vitatu kwenye chai, ingawa ananung'unika kila asubuhi. Macho yangu yanapungua. Mvua imechelewa, na mlima umekaa wazi kutwa nzima kama usio na habari na wakulima.

Sikupigii simu kwa jambo hili. Kwenye simu husikii vizuri, nami hulazimika kupaza sauti, na haya si maneno ya kupaziwa sauti.

Jambo lenyewe ni ndoa ya Tumaini. Wewe ni shangazi yake, na ilipasa ujue kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikwenda kwa watu kabla sijakuambia, na hilo ni kosa la kwanza kati ya makosa nitakayokueleza. Kijana amefikisha miaka thelathini na minne. Ana karakana ndogo huko Sombetini, anatengeneza umeme wa magari, na watu wanamwamini. Amempata binti anayeitwa Upendo, muuguzi, Mmeru wa kule juu ya Tengeru. Aliponitajia kijiji chao nilifurahi, kwa kuwa ndicho kijiji nilichofundisha miaka kumi na mmoja nilipokuwa kijana, kabla sijahamishiwa mjini. Nilisema moyoni: huko sitahitaji kujitambulisha. Huko mimi ni Mwalimu.

Mke wangu alinionya. "Mwalimu," akasema, maana hata yeye huniita hivyo, "kule juu watu hutanguliza mshenga anayekijua Kimeru. Tumwombe yule mzee wa kanisa, jirani yetu. Ni mtu wa huko."

Nikamjibu kwamba nchi hii ya makabila mengi ina lugha moja inayotuunganisha, kwamba nimeifundisha karibu miaka arobaini, na kwamba sitaazima mdomo wa jirani kwa ajili ya kumwozesha mwanangu.

"Haya," akasema. "Mdomo ni wako."

Basi nikaandika hotuba, kurasa mbili. Nikaisahihisha mara tatu.

Tulikwenda Jumamosi, siku nane zilizopita, mimi, mke wangu na Tumaini. Walikuwa wamepanga viti migombani, wazee upande wao na sisi upande wetu, na katikati kibuyu cha pombe ya ndizi kilichofunikwa jani. Ukoo ule haufunui kibuyu mpaka maneno yapatane. Mke wangu hakukaa nasi hata dakika tano. Mama wa binti alimshika mkono akaenda naye jikoni, na mara nikamsikia anacheka huko. Unajua yeye ni mtu wa Machame, na Kimachame na Kimeru ni lugha ndugu. Mmoja akisema, mwingine anashika zaidi ya nusu. Kicheko kile, dada, sijakisikia nyumbani kwangu kwa miaka mingi. Sababu naijua. Tulipopata mtoto wa kwanza nilimkataza kusema Kimachame mbele ya watoto, nami nikajikataza Kisambaa. Nilitaka watoto wasiwe na upande. Nilitaka wawe Watanzania, basi.

Baba wa binti anaitwa Anaeli. Amepita miaka sitini, mrefu, mkulima wa kahawa na mboga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe ulipita mikononi mwangu?"

"Nilipita."

Hakuongeza neno. Nilidhani ni heshima.

Nikasimama, nikasoma hotuba yangu yote. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Akasimama mshili, ambaye ndiye kiongozi wa ukoo wao, akajibu kwa Kimeru. Alisema kwa muda mrefu, kwa utulivu, akinitazama mimi usoni. Kisha akakaa. Nikangoja tafsiri. Haikuja. Tumaini akaniangalia, nami nikamwangalia.

"Wazee wangu," nikasema, "tunaomba, kwa heshima zote, tuzungumze Kiswahili ili sote tuelewane."

Anaeli akainuka. "Mwalimu, hapa si shuleni."

Wazee wakacheka. Mmoja aliyekaa nyuma, asiye na meno ya mbele, akasema, "Mwache, bwana. Asije akakuvika tena." Wakacheka zaidi, lakini niliona kwamba waliocheka ni wale waliozidi miaka hamsini. Vijana walibaki wakitazamana kama Tumaini.

Hukuwahi kufika huku wakati ule, kwa hiyo nikueleze. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao, kipande cha ubao chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kimeru katika eneo la shule alivikwa kibao hicho shingoni. Alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, amvike yeye. Kengele ya mwisho ilipolia, aliyekutwa nacho alichapwa. Sikukibuni mimi, nilikikuta. Hata mimi nilivikwa cha kwetu nilipokuwa mdogo, na wewe unakumbuka nilivyorudi nyumbani siku hiyo nikakataa kumjibu mama. Lakini cha kule Meru kilipovunjika, aliyechonga kipya ni mimi.

Anaeli hakukaa. Alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Mwalimu anamkumbuka mama yangu?"

"Niliwafundisha watoto wengi," nikasema, "na akina mama walikuwa wengi."

"Huyu alikuja siku moja tu. Alisimama nje ya uzio wa michongoma wakati wa mapumziko. Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa ameangukiwa na mti, yeye na wenzake wakipasua mbao kule juu. Walikuwa wamemlaza nyumbani, anamwita mtoto wake wa kwanza. Mama hakujua Kiswahili. Akaniita kwa Kimeru, nikamjibu kwa Kimeru. Ningemjibu kwa lugha gani? Ukatoka ofisini ukanivika kibao. Mama akaja kwako, akakueleza wewe mwenyewe. Ukamwambia aseme Kiswahili au arudi nyumbani. Nami nilipotaka kukueleza, ukasema niliyevaa kibao nimeshasema ya kutosha kwa siku hiyo. Ukanirudisha darasani."

Kule jikoni kicheko kilikuwa kimekoma.

"Nilitoka saa kumi," akasema, "baada ya viboko vyangu viwili. Nilikimbia. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Mama anasema baba alikuwa na maneno ya kuniachia. Huku kwetu baba humwambia mtoto wa kwanza maneno yake kabla hajaondoka; ndiyo baraka yenyewe. Sijui yalikuwa maneno gani. Nina miaka sitini na moja, sijui mpaka leo."

Halafu akakaa.

Nilisema kwamba ilikuwa ni kanuni. Nilisema kwamba nchi ilikuwa changa na tulikuwa tunajenga taifa, na kwamba nchi jirani wanauana kwa makabila yao mpaka leo. Yote hayo ni kweli. Nilikuwa nayasema huku nikisikia namna yanavyodondoka mbele ya viti vile.

Mshili akaninyooshea mkono ninyamaze. Sasa alisema kwa Kiswahili, tena taratibu, kama anayemsemesha mgeni.

"Mwalimu, hatujakukataa. Kijana wako tumemwona, hana shida. Wewe ndiye mwenye neno na Anaeli. Rudi Jumamosi ya tatu kuanzia leo, uje na isale. Mke wako anaijua, atakueleza. Anayeletewa jani la isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama aliyeileta ameua. Hiyo ni yetu tangu zamani. Ila maneno utakayosema ukiwa umeshika jani hilo, usiyaseme kwa Kiswahili. Yaseme kwa Kimeru. Kama hukijui, yaseme kwa lugha ya mama yako."

"Lugha ya kwetu hamtaielewa," nikasema.

"Hatutaielewa," akakubali. "Tutakaa tukusikilize hivyo hivyo mpaka umalize. Ndivyo ilivyotakiwa kufanywa siku ile."

Kibuyu hakikufunuliwa. Tulirudi.

Njiani Tumaini ndiye aliyeanza. "Baba, si useme tu hayo maneno? Dakika tano, tumemaliza."

"Unadhani ni maneno?"

"Sasa ni nini? Mimi pale nilikaa kama mtalii. Wenzetu wana lugha yao, mama naye jikoni huko anakula bata na wenzake, mimi na wewe tumekodoa macho. Kila nikiulizwa kwetu ni wapi, nasema Kimandolu. Watu wanacheka. Wananiambia huo ni mtaa, hapo si kwenu."

"Wewe ni Mtanzania," nikamwambia.

"Na Upendo je? Si Mtanzania? Yeye imekuwaje akapewa vyote viwili, mimi nikapewa kimoja?"

"Tumaini," mama yake akasema, "tazama barabara."

Nikamwambia kwamba wapo watu wanaofunga ndoa bomani bila viti vya migombani, na sheria inawatambua. Akaendesha mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, "Nimeshamwuliza. Hataki. Anasema hawezi kutoka kwa baba yake bila baraka, na baba yake ni mtu aliyekosa ya kwake. Kwa hiyo ni wewe, mzee. Ukienda, ninaoa. Usipokwenda, sioi. Sikutishi, nakwambia ilivyo."

Tangu siku hiyo ananisalimu asubuhi na jioni, shikamoo baba, kwa adabu kamili, na hakuna zaidi.

Sasa nikuambie uchungu wangu, maana wewe ndiye umebaki wa kuambiwa. Nimekuwa mtumishi wa lugha hii maisha yangu yote, na sijui ni nani anayenishukuru. Muhula uliopita mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alirudi kutoka shule yao ya Kiingereza akiwa na kadi shingoni. Ina kamba, dada, kama ileile. Nikavaa miwani nikasoma. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyevaa amesema Kiswahili. Mtoto wa miaka minane. Nilipomwuliza alisema nini, akasema alimwambia mwenzake, "Nipishe." Nikaenda shuleni kwao siku iliyofuata nikiwa nimevaa koti. Mkuu wao ni kijana mpole mwenye tai. "Babu," akaniambia, "ni kanuni tu, tunawajengea msingi." Nikamkaripia mbele ya wasaidizi wake. Nikamwambia kwamba anamfundisha mtoto kuionea haya lugha ya nyumbani kwao, kwamba hakuna msingi unaojengwa juu ya aibu. Nilisema vizuri sana. Nilitembea kurudi nyumbani nikijisikia kijana. Wala halikunijia wazo lolote jingine mpaka niliposimama migombani kwa Anaeli.

Ndiyo hivyo. Sisi tuliwavua watoto lugha za mama zao tukawavika Kiswahili, na sasa wengine wanawavua Kiswahili. Kila anayevua anasema anajenga. Bibi yake mtoto huyu ana Kimachame ambacho hana wa kumwachia, mama yake ana Kiswahili ambacho anaona haya kukisema kwenye mikutano ya wazazi, na mtoto mwenyewe ana Kiingereza cha kukariri. Meza moja, watu watatu, na hakuna anayemsikia mwenzake mpaka mwisho.

Jumatatu nilikaa uani, nikafunga mlango wa nyuma, nikajaribu. Nilitaka nione kama naweza kumwomba mtu radhi kwa Kisambaa. Kujitaja jina na ukoo niliweza. Salamu zote zilikuja, za asubuhi na za mchana. Kisha nikatafuta maneno yanayofuata, na hayakuwapo. Niliondoka Mlalo nina miaka kumi na mmoja, na Kisambaa changu kimebaki na umri huo. Kinajua kuomba uji. Kinajua kuita mbuzi, kinajua kumsemea mwenzake kwa mama kwamba amemwaga maji. Neno la mtu mzima anayekwenda kwa mtu mzima mwenziwe na kusema nimekukosea, sikulisikia nilipokuwa mdogo, kwa sababu watoto tulikuwa tukiondolewa wazee walipokuwa wakizungumza hayo. Na nilipokua, sikuwapo. Nimekaa pale uani mzee wa miaka sabini na saba, nahangaika kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani. Mke wangu alikuwa akinisikia kupitia dirisha. Hakucheka, na afadhali angecheka.

Lipo jambo jingine, na hili sikulisema migombani, wala mke wangu sijamwambia. Rebeka, soma.

Yule mama ninamkumbuka. Nilidanganya. Alikuwa amejifunga kanga mbili, hana viatu, miguu imejaa udongo mwekundu mpaka magotini, maana alishuka mbio. Alikuwa akielekeza mkono juu mlimani. Nilimwambia, "Mama, hapa tunasema Kiswahili. Kama huwezi, mtume anayeweza." Akarudia maneno yake. Nikarudia yangu. Watoto wote walikuwa wanatutazama. Wakati ule nilikuwa nimekaa kijijini pale miaka minne, na mtu hakai mahali miaka minne bila kuokota kitu. Neno lao la baba nilikuwa nalijua. Watoto walilisema kila siku, na kila siku niliwachapa kwa kulisema. Mama yule alilitaja mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu asiyekuja kuongea mambo ya karo wala ya sare. Nililisikia. Niliona kwamba nikionyesha nimelielewa mbele ya watoto wale, kibao kitakuwa hakina maana tena, kwa kuwa mwalimu mwenyewe atakuwa amekijibu Kimeru. Kwa hiyo nikachagua kutolielewa. Nikageuka nikaingia ofisini, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Sikujua kwamba mtu anakufa. Hilo ninaweza kuapa. Lakini nilijua kwamba ni habari ya baba wa mtoto yule.

Sasa ombi langu. Ninataka kukuomba uje Arusha. Ukija, ukae nami siku tatu au nne, uniwekee maneno kinywani. Wewe ulibaki. Uliwasikia wazee wakisuluhishwa, ulimsikia baba alipokwenda kwa baba yake Hoza baada ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba, na nakumbuka ulisema walilia wote wawili. Mimi nilikuwa chuoni. Nilipata habari kwa barua, nayo niliisahihisha makosa pembeni kwa kalamu nyekundu, Mungu anisamehe. Unaweza kuniambia kwamba Rebeka akurekodi kwenye simu anitumie. Sitaki kujifunza hayo kwenye simu. Ninataka unitazame nikikosea, unirudishe, kama mimi nilivyowarudisha watu.

Nilifikiria pia nikuombe wewe ndiye ukaseme badala yangu, kwa kuwa shangazi ana nafasi yake katika posa na hakuna atakayeuliza. Nikamweleza mke wangu wazo hilo. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. "Dada yako hata aseme vizuri namna gani," akasema, "si yeye aliyemwacha mtoto pale na ule ubao shingoni." Basi wazo hilo limekufa.

Lakini usifunge mzigo bado, kwa sababu sijaamua kwenda. Nakwambia ukweli. Kuna saa naona wazi kwamba nitakwenda, na kuna saa damu inanichemka. Mimi nimshikie jani mtu niliyemfundisha kushika kalamu, mbele ya vijana watakaonipiga picha kwa simu zao? Niseme kama mtoto mdogo, kwa kigugumizi, mimi ambaye kijiji kizima walikuwa wakiniletea barua zao za serikali niwasomee? Kuna jingine gumu zaidi. Nikisema pale kwamba nilikosea, sijui kosa linaishia wapi. Je, ni siku ile moja tu? Ni kibao? Au ni ile miaka yote? Watoto wale walijua kusoma. Mmoja ni daktari. Anaeli mwenyewe alinihukumu kwa Kiswahili nilichompa, wala hakukosea neno hata moja. Siwezi kuikana kazi hiyo, na sitaikana. Ila kila nikitaka kuitetea, namwona mama yule ameelekeza mkono mlimani.

Jana mke wangu alitoka bila kuaga, akarudi na jani refu la isale kutoka uani kwa jirani. Amelitia kwenye glasi ya maji, akaliweka mezani hapa ninapoandikia. Nami sijaliondoa.

Nisalimie shemeji Hoza, umwambie naomba apunguze tumbaku, ingawa najua atakachojibu. Nisalimie mwanao Yohana, mwenye mashine ya kusaga, pamoja na mkewe. Mke wa marehemu kaka yetu, kama bado mnaonana kanisani, mwambie nimemkumbuka na kwamba picha aliyoniomba nitaitafuta. Na Rebeka, ambaye amesoma mpaka hapa, namwambia ahsante. Na ninaomba baada ya kusoma akutafsirie mahali popote ambapo Kiswahili changu kimekuwa kigumu, asione haya kufanya hivyo.

Barua hii nampa jirani anayekwenda Lushoto kesho. Nimejipa mpaka Alhamisi, na nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo na kuituma kwa basi la asubuhi. Nikiwa nimeamua kutokwenda, nitakuandikia kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, na nitakueleza sababu zangu zote. Nikiwa nimeamua kwenda, nitakuandikia kwa Kisambaa nilicho nacho, hata kikiwa mistari miwili, hata kikiwa na makosa. Nawe usinijibu, panda basi tu.

Mdogo wako,
Yonathani